Mdakaji Bora Kuliko Wote

Miezi minne ya kwanza kazini sikuwa nasema chochote zaidi ya habari za asubuhi, asante na kwaheri. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na nilikuwa nimeajiriwa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, magharibi mwa Toronto, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka Parkdale nilikopanga chumba. Kiingereza nilikuwa nacho. Nilikisoma sekondari Morogoro na mtihani nikafaulu. Lakini kile cha darasani na kile cha kantini havikuwa na undugu. Watu walizungumza haraka, wakameza nusu ya maneno, na nilipokuwa nimemaliza kupanga jibu langu kichwani, mazungumzo yalishahama.

Wakati wa chakula nilikaa meza ya dirishani kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nafasi. Baadaye nikaelewa kwa nini wengine waliikwepa. Kulikuwa na watu wawili pale waliobishana kila siku ya Mungu, na jambo lenyewe lilikuwa lile lile: nani alikuwa mdakaji bora wa pembeni tangu timu ya mpira ya mji ule ianzishwe.

Kwa ambaye hajauona mchezo huo, nieleze kidogo. Si kabumbu letu. Ni ule mpira wa Kanada wa kuvaa kofia ngumu na kujaza mabega kwa plastiki, na mpira wenyewe umechongoka ncha mbili. Mtu mmoja anaurusha kwa mkono. Mwingine, aliyesimama pembeni kabisa mwa uwanja, anatimua mbio kwenda mbele huku mabeki wakimwandama, kisha anageuka na kuudaka ukiwa bado hewani. Huyo ndiye mdakaji wa pembeni.

Mbishi wa kwanza alikuwa fundi wa boila ya kuchemshia maji ya kufulia, mzungu wa miaka sitini hivi aliyezaliwa mji huo huo na hajawahi kuhama. Yeye mtu wake alikuwa mdakaji wa enzi za ujana wake, aliyecheza kwenye uwanja wa zamani karibu na ziwa. Mbishi wa pili alikuwa mama wa Kijamaika, msimamizi wa mashine kubwa ya kupigia pasi mashuka. Aliingia nchini miaka ya sabini kulea watoto wa watu, na mchezo huo alijifunza kwenye televisheni ya waajiri wake, akiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mapajani. Yeye alimtetea mdakaji wa siku zile zile tulizokuwa nazo, kijana mrefu mwenye mbio za swala.

Fundi alikuwa na kisa chake, na haikupita wiki bila kukisimulia.

"Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi," alianza, akisogeza kikombe kando. "Baba yangu alikuwa amenishika bega. Mpira ukarushwa mrefu, mrefu mno, kila mtu akajua umepotea. Yeye akajirusha. Akaudaka kwa ncha za vidole, hivi, upana wa kiganja kimoja tu juu ya tope."

"Vidole uliviona kutokea wapi?" mama alimuuliza. "Si ulisema mlikaa kule juu kabisa?"

"Niliviona."

"Kwenye mvua."

"Nakwambia niliviona!"

Kisha mama alimgeukia mtu yeyote aliyekuwa karibu na kusema kwamba mabeki wa zamani walikuwa waashi na wauza maziwa, waliofika uwanjani wakiwa wamechoka na kazi, na kwamba mtu wake yeye alikuwa anakimbizwa na watu ambao hawakuwa na kazi nyingine duniani ila kukimbia. Fundi akawa mwekundu mpaka masikioni. Mimi nilitafuna mkate wangu.

Siku moja fundi alisema siri ya mdakaji ni macho. Mama akasema ni miguu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Hapana. Ni vidole."

Wote wawili wakanigeukia kana kwamba kiti kimeongea.

Sasa niseme kwamba nyumbani nilikuwa golikipa. Si wa jina kubwa, wa timu ya mtaa tu, lakini nilisimama golini miaka tisa, na kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto kimepinda mpaka leo kwa sababu ya penalti moja. Nikachukua chungwa kwenye sahani ya mama, nikasimama. Nikawaonyesha kwamba anayedaka kwa viganja, mpira unamdunda. Anayedaka kwa kifua, ameogopa. Mdakaji wa kweli anaupokea kwa vidole kwanza, kama anayepokea mtoto mchanga, mikono inarudi nyuma kidogo pamoja nao, na ndipo anaukumbatia. Maneno yaliyokosekana niliyajaza kwa mikono. Nilirusha chungwa, nikalidaka, nikamrushia fundi, akaliangusha.

"Kumbe unaongea!" mama akasema, na akacheka mpaka akashika meza.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa meza ile. Walinifanya mwamuzi wao, na mwamuzi hawezi kukaa kimya. Nilijifunza kusema "sikubaliani" kabla sijajua kuuliza bei ya tiketi ya treni. Nikapata maneno ya kusifu, ya kudharau, ya kumkatiza mtu na ya kumrudisha kwenye hoja. Aliponisahihisha mama, alisahihisha kama dada mkubwa, palepale na bila kunionea haya. Nilipompigia simu mke wangu Morogoro, ambaye alikuwa anasubiri karatasi zake za kunifuata, nilimsimulia habari za wadakaji badala ya habari za baridi.

"Mpira wa mikono," akasema. "Na hao wenzako ni watu wazima?"

"Watu wazima kabisa. Mmoja ana wajukuu."

"Basi vizuri, mume wangu. Nilikuwa naogopa huna wa kuongea naye."

Mwaka uliofuata nilihamishiwa kwenye lori la kupeleka mashuka. Tulizunguka hospitali, na kila Jumanne tulishusha mzigo kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee. Pale, karibu na lifti ya mizigo, alikuwa anakaa mzee mmoja mrefu kwenye kiti cha magurudumu. Wahudumu walisema anapenda kutazama watu wakifanya kazi. Tulisalimiana wiki kadhaa. Ndipo siku moja alinishikia mlango, nikaviona vidole vyake. Karibu vyote vilikuwa vimepinda, kila kimoja upande wake, kwa namna ambayo si ya ugonjwa wa uzee. Niliijua namna hiyo.

Nikamwonyesha changu. "Ulikuwa golikipa?"

Alikitazama kidole changu kwa makini, akacheka. "Nilikuwa nadaka mpira wa aina nyingine."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Kule kwenye uwanja wa karibu na ziwa."

Nikamuuliza jina. Alilitaja, na lilikuwa jina nililokuwa nalisikia kila siku nikinywa chai. Nililishikilia toroli la mashuka kwa mikono miwili.

Kesho yake nikawaambia wenzangu. Fundi aliweka kijiko chini. "Alishakufa," akasema. "Nilisoma gazetini."

"Jana alikuwa anakula biskuti," nikamwambia.

Tulikwenda Jumapili mchana. Mama alitoka kanisani moja kwa moja, na kofia yake ya zambarau. Fundi alivaa tai, na njia nzima aliishikashika kama inamkaba. Mzee alikuwa ametupangia viti vitatu karibu na dirisha. Aliuliza kila mmoja ametoka wapi na anafanya kazi gani, akataka kujua boila ni ya gesi au ya mafuta, na kwa robo saa nzima yeye na fundi walizungumza habari za boila. Mama alinikonyeza. Mtu aliyengojea siku hiyo maisha yake yote alikuwa anazungumzia mabomba.

Mwishowe fundi akakusanya nguvu, akasimulia kisa chake. Mvua, baba yake, mkono begani, mpira mrefu. Hakuacha neno. Mzee alimsikiliza huku ameinamisha kichwa, akitabasamu.

"Unasimulia vizuri kuliko nilivyocheza," akasema. "Lakini sikuudaka."

Mkono wa fundi uliiachia tai.

"Uligusa chini. Niliuhisi. Uligonga tope ukarudi mikononi mwangu. Mwamuzi alikuwa mgongoni pangu, akaona nimeinuka nao, akainua mikono kuonyesha tumepata alama. Watu wakaanza kupiga kelele. Mimi nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

Nilimtazama mama. Nilidhani sasa atamaliza ubishi wa miaka yote, maana hoja yake alikuwa ameletewa mkononi. Badala yake akamwekea fundi mkono begani, akasema polepole, "Lakini alijirusha. Kwenye mvua ile yote, alijirusha."

Fundi alikaa akitazama sakafu. Nikaanza kujuta kwamba nimemleta. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikafikiri analia, kumbe ni kicheko. "Basi mwamuzi naye," akasema, "alikuwa amekaa kule juu kabisa na mimi." Mzee alicheka mpaka mhudumu akaja kutazama kuna nini.

Walipotulia, mama akamuuliza swali lililotupeleka. Nani alikuwa bora kuliko wote?

Mzee hakufikiri. Alimtaja mtu ambaye hata fundi hakumjua. Alikuwa kijana mweusi kutoka kusini mwa Marekani, akasema, walilala chumba kimoja mwaka wake wa kwanza kwenye timu. "Mimi nilikuwa nadaka kwa kifua. Yeye ndiye aliyenitoa nje jioni baada ya mazoezi, siku baada ya siku, akanirushia mpira mpaka nikajua kazi ya vidole. Hakuwa na sababu ya kunifundisha. Nafasi ilikuwa moja, yake au yangu. Halafu goti likavunjika mazoezini, akarudi kwao kabla ya mechi ya nne. Hakuna aliyemwona ila sisi tuliokuwa naye. Kila nilichodaka, yeye ndiye aliyenifundisha kudaka."

Niliposikia hayo nilitazama nje, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza kuniaibisha. Nilikuwa mgeni wa nchi ile, nami kuna watu walionifundisha na hawakuwa na sababu. Wawili kati yao walikuwa wamekaa kulia kwangu.

Meza ya dirishani haikunyamaza baada ya hapo. Ubishi ulikuwa na mtu wa tatu sasa, mtu asiye na picha, na mama alimtetea vikali kuliko alivyowahi kumtetea kijana wake mwenye mbio. Fundi alisema hawezi kumpa nafasi ya kwanza mtu aliyecheza mechi tatu. Mama akamwambia kwamba yeye alimpa nafasi ya kwanza mtu kwa mpira uliogusa chini. Tulicheka hadi kengele ikalia. Nao fundi na mzee wakawa marafiki. Kila Jumapili fundi alikwenda kumtembelea, akampelekea magazeti, na alipostaafu akaongeza Alhamisi. Miaka miwili baadaye mzee alipofariki usingizini tu, bila maumivu, familia yake ilimwomba fundi awe mmoja wa waliobeba jeneza. Alinipigia simu kuniambia.

Mke wangu alifika mwezi wa pili, mwezi mbaya kuliko yote ya baridi, na kiatu cha wazi mguuni. Nilipokuwa natetemeka uwanja wa ndege kwa kungoja, nikageuka nikawaona wenzangu hawa wawili wanakuja, mama amebeba koti refu la sufu na buti, fundi ameshika funguo za gari lake alilolipasha moto tangu nyumbani. Sikuwa nimewaomba. Mama alimvisha mke wangu koti yeye mwenyewe, akamfunga vifungo mpaka shingoni, akamwambia kwa Kiingereza cha polepole, "Karibu. Mumeo anaongea sana, tumeshindwa kumnyamazisha."

Mke wangu alinitazama anitafsirie. Nilimtafsiria neno kwa neno, naye akacheka, akamshika mama mikono yote miwili na hakuiachia mpaka tulipofika kwenye gari.

Nimefanya kazi nyingine nyingi tangu siku hizo, na watoto wetu, tukiwasemesha Kiswahili, wanatujibu kwa Kiingereza cha mji ule bila kumeza mate. Wakiniuliza nilikijifunzia wapi changu, nawaambia ukweli, kwamba watu wawili wasiokubaliana kwa lolote walinisogezea kiti, wakaniuliza mimi naonaje, na wakangoja nimalize sentensi.