Mmasai Halisi Havai Koti

Nilikuwa mlinzi wa geti katika hoteli moja ya kitalii ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Asubuhi, ukungu wa kule unalowesha nguo kama mvua. Wafanyakazi wa bustani walipewa makoti na gambuti. Sisi walinzi tulipewa shuka nyekundu, mkuki na katambuga, vile viatu vya matairi vinavyoacha vidole nje.

Tuliomba makoti. Meneja akasema wageni wanakuja kumwona Mmasai halisi, na Mmasai halisi havai koti. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akapanda kutoka Karatu, akamweleza kwamba sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mavazi ya kumkinga kazini. Meneja akajibu kwamba tumeshapewa, tena ya mila yetu. Mila yetu! Mtu amefika juzi tu kutoka mjini, jaketi lake kafunga zipu mpaka kidevuni, ananifundisha mimi mila.

Wiki hiyohiyo baba yangu alipita getini na ng'ombe wake. Alivaa kama wachungaji wa kule wanavyovaa kukiwa na baridi: shuka ndani, koti zito la mtumba juu, mzula kichwani, gambuti miguuni. Meneja akamwambia asogee pembeni, wageni wanapiga picha. Baba hakusogea. Aliitazama miguu yangu, kisha akamuuliza meneja kwa Kiswahili chake cha mnadani:

"Huyu mtoto wangu amekosa nini, mpaka mkamvua viatu?"