Saa Aliyoniombea Tata Ilunga

Mwanangu, siku moja ningali naikumbuka vizuri: bukari, ugali wetu, iliniungulia jikoni kwangu mtaa wa Manika, huku simu ikinifundisha kazi. Wakati huo nililinda pampu kule Kingamyambo, wanakochuja tena shaba kwenye matope ya zamani ya mgodi. Kampuni ilileta mafunzo ya mtandaoni: atakayefaulu atapandishwa hadi chumba cha kuendeshea mitambo, atakayeshindwa atafute kazi kwingine. Nami nilikuwa mjane mwenye watoto wa kulisha.

Jaribio la kwanza nikaanguka. La pili pia. Hapo msimamizi wetu, Tata Ilunga, mzee asiyejua kubembeleza, akanisimamisha njiani.

"Mama, unasomeaka wapi?"

"Ku nyumba, tata, nikiwa napika."

"Basi ni bukari njo inasoma, hapana weye!"

Nilicheka huku machozi yakinilenga. Kweli, mshika mawili moja humponyoka.

Lakini mzee hakuishia kunikaripia, na ndiyo maana namshukuru mpaka leo. Alimwendea mkubwa wake, akaniombea saa moja ya kusoma palepale kazini, na pampu yangu akailinda mwenyewe. Akaniketisha na Mariamu, binti wa kitengo cha usafirishaji, aliyekwama kama mimi, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa. Kila somo likiisha, anatupeleka mbele ya pampu: "Sasa munielezee mu Kiswahili. Na mukono uguse kitu unasema." Ukikwama, unarudi kwenye kompyuta bila kununa. Mariamu alinuna, tena sana!

Mtihani wa mwisho uliuliza nini hufungwa kwanza pampu ikiziba. Kabla sijamaliza kusoma swali, mkono wangu ulishanyooka kuitafuta vali. Tulifaulu sote wawili. Tata Ilunga akasema tu, "Muzuri. Kesho musichelewe."

Nasikia nawe umeanza masomo hayo. Omba saa yako mwanangu, usione haya. Tafuta mwenzako wa kusoma naye. Unachosikia, kieleze kwa lugha ya nyumbani, ukikigusa kwa mkono. Na siku utakapokuwa msimamizi, ukimwona mtu amechoka, usimcheke ukaondoka.

Tata Ilunga tulishamzika. Shukrani zangu siwezi tena kumpelekea, ndiyo maana nakuletea wewe. Mungu akufungue akili, mwanangu, na asikukoseshe mtu wa kukulindia pampu.