King'ora Kimelia, Samaki Wako Wapi?

"Umemwita kazini mwenyewe, halafu unashangaa ameenda?"

Saa tatu asubuhi, Graciete Picanço amesimama katikati ya ukumbi wa kituo cha wazee mjini Olhão, kusini mwa Ureno. Mkononi ameshika koti la mama yake. Amekuja kumchukua.

"Sishangai," anajibu Idalina Frazão huku akifuta meza. "Kosa ni langu, nimekubali. Ila usimpeleke nyumbani akakodolee macho ukuta."

"Bora ukuta kuliko barabara, dada."

Ugomvi huu umeletwa na sauti ya dakika moja.

Idalina, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, huongoza kipindi cha kumbukumbu kwa wazee kumi na wanne wenye maradhi ya kusahau. Dawa hana. Ana sanduku la makopo matupu ya dagaa wa mafuta, mikasi yenye kutu, aproni, na picha za wanawake waliojipanga mbele ya viwanda. Huwapa wazee washike, wanuse, kisha yeye hunyamaza na kusubiri.

"Jina la mjukuu limepotea, sawa," anasema. "Mikono haijasahau kitu. Mimi naanzia mikononi."

Jana yake alileta kitu kipya: mlio wa king'ora uliorekodiwa zamani. Enzi hizo kila kiwanda cha samaki mjini kilikuwa na mlio wake. Mashua zikiingia, king'ora kinalia, na mwanamke aliyeko kwenye beseni la nguo anajua papo hapo kama anaitwa yeye au jirani.

"Mama yangu aliniacha na sabuni kichwani," Idalina anakumbuka akicheka. "Aliporudi ilikuwa imekauka."

Mlio ulipopigwa, Albertina Picanço, mwenye miaka themanini na sita, alisimama. Tangu Pasaka alikuwa hajaunganisha maneno mawili. Alichukua kitambaa cha meza, akajifunga kiunoni. Idalina alijawa na furaha, akageuka kuwaita wa jikoni waje waone. Alipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu.

Walimkuta baada ya nusu saa, mahali kilipokuwa kiwanda chake. Siku hizi ni jengo la kupangisha. Alikuwa akigonga mlango wa kioo na kumgombeza mpangaji amfungulie, asije akakatwa ujira wa siku.

"Amevuka barabara mbili," anasema Graciete. "Mbili, Idalina. Bila viatu."

"Najua."

"Hujui. Siyo mama yako."

Idalina anaendelea kufuta meza. Kwa miaka tisa kazini ameona wazee wengi wakirudishwa nyumbani, na anajua kinachofuata: runinga, blanketi, kimya. Jana Albertina alisema maneno mengi kuliko ya miezi mitatu, ingawa yote yalikuwa ya kumtukana mpangaji.

Karibu na dirisha, Albertina anageuza kichwa.

"King'ora kimelia," anasema. "Samaki wako wapi?"

Wote wawili wanamgeukia.

"Mnapayuka tu kama kuku. Samaki wako wapi?"

Idalina anaweka kitambaa chini.

"Mjinga mimi," anasema polepole. "Mtoto wa kiwandani mzima, napiga king'ora na meza tupu. Hata bosi mchoyo wa kiwanda hakuthubutu." Anafungua aproni yake. "Nipe saa moja, Graciete. Akitoka tena, nakubebea mizigo yake mimi mwenyewe hadi kwenye gari."

Graciete anatazama saa ya ukutani. "Saa moja."

Soko liko dakika tano kwa miguu. Idalina anarudi na kreti mbili za dagaa wabichi wa urefu wa kiganja, barafu ikimchuruzikia viatuni. Anapanga mabeseni, chumvi na visu vifupi. Anafunga geti na kumkabidhi Graciete ufunguo. Kisha anapiga king'ora.

Albertina anasimama. Graciete anakaza mkono kwenye ufunguo.

Lakini bibi hatazami mlango. Anakwenda mezani, anachukua samaki na kisu. Kichwa na utumbo vinatoka pamoja kwa mkupuo mmoja. Anachukua wa pili. Wazee watatu wanajisogeza.

"Wa leo wadogo," analalamika mmoja.

"Wadogo ndio watamu. Kata, acha domo," anajibu Albertina.

Idalina anachukua chaki na kuandika kwenye ubao wa ratiba: king'ora kila Jumanne, pamoja na samaki. Mchana watachomwa, waliwe na wote.

Graciete, karani wa bima, bado amesimama pale pale. "Mama alinikataza nisikanyage kiwandani," ananong'ona. "Alisema mikono yangu ni ya kalamu."

Mama yake anamkagua kuanzia juu hadi chini.

"We binti. Mgeni hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Mama yuko nyumbani kwenu. Hilo koti litakata samaki? Litundike."

Graciete analirudisha koti kwenye msumari wake, anavuta kitambaa cha meza na kujifunga kiunoni. Albertina anajisogeza kumpa nafasi.

"Kichwa kwanza," anamwambia, akimwekea kisu kiganjani. "Utazoea."