Mkokoteni Uliombeba Baba Mdogo

Mwaka 1993, nikiwa na miaka ishirini na miwili, ndipo nilipoanza kuijua shida. Baba alikuwa amefariki, na mdogo wake, baba mdogo Masanja, akatuhamisha na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga mpaka Kakese, huku Mpanda. Shule nilisoma madarasa matatu, kwa hiyo usitafute usomi hapa. Ila haya, mwanangu, niliyaona kwa macho.

Asubuhi moja ya kulima mpunga, baba mdogo aliachia plau katikati ya shamba, akakaa kwenye tope. Mwanamume wa Kisukuma kukaa chini siku ya kulima, majirani wamejaa, ni aibu ya kutungiwa wimbo. Tukacheka.

"Masanja, pombe ya jana hiyo," mmoja akamtania.

Jasho lilikuwa linamtiririka na jua halijapanda. Akasema kifua kinambana kama ng'ombe amemlalia, na maumivu yanapanda mkono wa kushoto mpaka kwenye taya.

Kwetu kifua kilikuwa na dawa yake: unakunywa samli ya moto, halafu unachanjwa chale. Mama mdogo, mkewe, alishaweka samli jikoni, na mimi nimeshika wembe. Ndipo akaja Mzee Katabi, Mbende kwa kabila, mwenyeji aliyetupokea pale.

"Weka wembe chini," akaniambia. "Ndugu yangu tulimchanja hivyo hivyo, tukakaa kusubiri dawa iingie. Tulimzika na chale mbichi. Funga ng'ombe kwenye mkokoteni, twende hospitali."

Baba mdogo akakataa. "Sibebwi kama gunia mbele za watu. Nitatembea mwenyewe."

"Tembea. Makaburi yapo njiani, hutachelewa." Kisha mzee akanigeukia. "Na wewe kijana, unamwogopa mgonjwa? Akifa huyu, watoto wake utawalisha kwa huo wembe?"

Neno hilo lilinichoma. Nilimbeba baba mdogo kwa nguvu, ananitukana Kisukuma, nikamlaza kwenye mkokoteni. Alinitukana njia nzima mpaka mjini, na mimi nikashukuru, maana anayetukana bado yuko hai.

Hospitalini daktari alimpa aspirini aitafune, akamlaza wodini. Alipopata nafuu tukauliza ni nani amemroga. Daktari akacheka kidogo, akatueleza kwamba moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe nao unalishwa na mishipa yake. Mshipa mmoja ukiziba, kipande cha moyo kinaanza kufa, na ukikawia kinakufa zaidi.

"Hata wasomi hawakuzaliwa wanajua," alisema. "Walifuatilia watu wazima wasioumwa, miaka na miaka, wakawapima presha, wakawauliza habari za sigara na chakula, ndipo wakaanza kuona nani yuko hatarini. Mpaka leo wanaendelea kutafuta."

Nilishangaa sana. Kumbe kuna watu wanampima mzima leo ili apone mwingine ambaye hata hajazaliwa.

Baba mdogo aliacha sigara, akapunguza chumvi na samli, akameza dawa zake kila siku huku ananung'unika kwamba daktari anataka kumuua kwa njaa. Akazeeka hivyo hivyo na manung'uniko yake. Binti zake wote aliwaoza mwenyewe.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kifua kikikubana, jasho likikutoka bila sababu, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, usichanje, usinywe samli, usitembee kuonyesha uanaume. Nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwanamke naye akisema pumzi haitoshi na mwili umelegea ghafla, usimwambie apumzike, mpeleke. Pima presha ukiwa mzima. Na mgonjwa akikataa kubebwa, mbebe, atakutukana ukiwa njiani.

Leo nina ng'ombe sitini, mashine ya kukoboa mpunga, nyumba mbili za bati Makanyagio, mjini, na kipimo cha presha ambacho majirani wanakifuata kuliko redio yangu. Na ule mkokoteni, magurudumu yameoza, uko nyuma ya nyumba. Siuuzi.

Mungu akuzeeshe, mwanangu, mpaka wajukuu wachoke na hadithi zako.