Breki ya Kipanya na Salamu za Mzee Nassoro

Wenzangu, mimi nimekwisha kujicheka, nanyi chekeni bila haya.

Ofisini kwetu Tanga tulikuwa tukiandaa kwa siri karamu ya kumuaga bosi wetu, Mzee Nassoro, anayestaafu. Nikajitolea kutuma mialiko kwa ujumbe wa simu. Niliandika programu ndogo ya kukiendesha kipanya cha kompyuta: kinabofya jina katika orodha ya ofisi nzima, kinabofya "tuma", kisha kinahamia jina linalofuata. Chombo kama hicho lazima kiwe na breki, kwa hiyo nikaiagiza programu ikome papo hapo nikibonyeza kitufe cha Esc. Si kazi ngumu, hata wewe utaiweza.

"Jina la mzee si limo humo humo?" akauliza Rehema, mwenzangu wa meza ya pili. "Lifute tu, kaka."

"Dada, breki ni ya nini? Tukilikaribia, nabonyeza."

Kipanya kikaanza kazi, kidole changu kikiwa juu ya Esc kama cha rubani. Mara mlango ukafunguka, akaingia Mzee Nassoro mwenyewe. Nikasimama, nikampa mikono yote miwili kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaishika, asiiachie. "Hujambo? Mama huko Maramba hajambo? Mvua je? Na mihogo?"

Mkubwa hapokonywi mkono. Nikajibu salama, salama, huku kipanya kikishuka jina kwa jina.

Simu yake ikalia. Ndipo akaniachia, akavaa miwani, akasoma polepole.

"Imeandikwa Mzee Nassoro asiambiwe," akasema. "Sasa mie nimwambie, au nimfiche?"