Pete Aliyoitaka Japhet

Kule Sonapur, Dubai, kwenye mabweni ya wafanyakazi wa kigeni, mgeni hufundishwa somo moja kabla hata hajaonyeshwa choo: daktari akikuuliza lolote, jibu hapana. Unakohoa? Hapana. Kifua kinabana? Hapana. Watu wamepandishwa ndege kurudishwa kwao kwa kikohozi cha wiki moja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, ila wahenga hawakupimwa afya ili wapate viza. Japhet, mtu wa Same, mlinzi wa ghala Jebel Ali, alifundishwa na Kasian waliyelala naye chumba kimoja, akalishika somo hilo miaka tisa.

Kiungulia tu ndicho kilichomshinda kukificha. Tindikali ilimpanda hadi kooni, akawa analala ameketi, na sauti ikamkauka. Mlinzi asiye na sauti atamzuia nani? Bima ya kampuni ikampeleka hospitali, na huko akasikia habari za pete: shanga ndogo za sumaku zinazovishwa chini ya umio, pale chakula kinapoingilia tumboni. Ukimeza inafunguka, ukimaliza inajifunga. Japhet aliitaka pete ile kuliko kitu chochote. Angelala chali kama watu, na kazi ingebaki.

Lakini pete haivishwi kila mtu; kwanza kuna maswali na vipimo. Aliyemsomea maswali kwa Kiswahili ni muuguzi Joha, Mzanzibari aliyezaliwa hapohapo Dubai.

"Kaka Japhet, ukivaa chuma mwili huwasha?"

"Hapana, dada."

"Chakula hukwama ukimeza?"

Hapo ndipo ninapomlaumu, na namlaumu kweli. Tangu Pasaka ugali ulikuwa unamsimama kifuani, anausukuma kwa maji. Mwishowe akawa mtu wa uji tu, akamdanganya Kasian kwamba ameuchoka ugali wa kantini.

"Hapana," akasema, anamtazama Joha machoni.

Joha akaandika. Kamera aliyomezeshwa mwaka juzi haikuona kitu, basi hakuna aliyekuwa na haraka. Kibali cha bima kwa vipimo vilivyobaki kikachukua miezi minne.

Siku ya kipimo akapewa kipande cha mkate kilichopakwa dawa nyeupe, ameze huku eksirei inatazama. Mkate ukashuka hadi katikati ya kifua, ukasimama. Japhet mwenyewe aliuona kwenye skrini, hauendi.

"Tangu lini?" Joha aliuliza taratibu.

"Pasaka."

"Na mimi nilikuuliza mwezi wa sita. Kwa nini, kaka yangu?"

"Nilijua nikisema ndiyo, khalas, pete siipati."

Kweli asingeipata. Angepata kamera ya pili wiki ileile, na swali lile liliwekwa kwa ajili hiyo. Kamera ilipoingia sasa ilikuta uvimbe wa saratani, nao ulikwisha kusambaa hadi kwenye ini. Daktari akasema habari ya kupasua imepita, kilichobaki ni dawa za kutuliza. Alianza kusema kuhusu mwezi wa sita, akaacha.

Kampuni ikakata tiketi ya kumrudisha kwao. Siku ya kuondoka Joha alikuja kitandani kwake wodini na fomu ya dawa za njiani.

"Una maumivu, kaka?"

Japhet alikuwa ameung'ang'ania ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Hapana, dada."

Joha akaandika ndiyo.