Delphine na Maneno ya Baba Yake

Delphine Mumba anaongea haraka. Ukimuuliza mtu yeyote kwenye kitivo chetu habari zake, hilo ndilo atakalokuambia kwanza. Anaongea haraka kwa Kifaransa, na haraka zaidi kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na akikorofishana na dereva wa teksi hutumia Kibemba alichookota kwa majirani, dereva mwenyewe akabaki kinywa wazi. Mimi, Nono, nimekaa naye ofisi moja tangu tulipokuwa wasaidizi wa maprofesa. Nampenda kama ndugu. Ninayoyasimulia hapa nimeyasimulia kwa ruhusa yake na ya baba yake, ambaye alicheka nilipomwomba, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Kazi yetu pale chuoni ni afya, lakini si ile ya sindano na dawa. Tunataka kujua watu waliopona kiharusi wanaishije nyumbani: wanakula na nani, wanatoka nje, wanacheka bado? Tuko watatu. Delphine ni daktari wa afya ya jamii. Stanislas ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu mkubwa wa mwili aliyekulia mashambani Lukafu, asiyejua kuharakisha kitu chochote. Mimi ni mwanaanthropolojia. Kazi yangu ni kusikiliza na kuuliza maswali yanayowaudhi madaktari.

Utafiti huo ni Delphine aliyeuanzisha, na sababu yake ilikuwa baba yake.

Papa Pierre alizaliwa kaskazini, upande wa Kongolo, katika ukoo wa watu wa reli na wa kanisa. Yeye mwenyewe alikuwa chef de gare, mkuu wa stesheni, akahamishwa kutoka stesheni ndogo moja hadi nyingine mpaka akastaafu. Wanaomkumbuka husema hakuhitaji kipaza sauti. Akitangaza treni, hata mwenye duka ng'ambo ya barabara alijua inakwenda wapi. Mke wake alipofariki, Delphine alimchukua akae naye katika nyumba yake ya Annexe, pembezoni mwa mji, nyumba yenye ua mpana na matuta ya mboga nyuma. Asubuhi moja ya majira ya baridi, akiwa ananyoa ndevu, wembe ulimponyoka na mkono wa kuume ukaning'inia. Alipoamka hospitalini, uso ulikuwa umepinda na maneno yalikuwa yamekwenda.

Mguu ulirudi, si vizuri sana, lakini ulirudi. Mkono ulirudi nusu. Maneno yaliporudi, yalikuja moja moja, kwa shida, na mengine yalikwama njiani.

Delphine alimtunza vile ambavyo kila mzazi angetamani kutunzwa. Alijifunza mazoezi yote. Alimkata kucha, akampika samaki bila miiba, akakimbia nyumbani mchana kuona kama amekula. Alimwekea redio kando ya kitanda, akaiwasha kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ili papa asikae katika kimya. Na hakumwacha ahangaike na neno hata mara moja. Papa Pierre akianza, "Nataka ma...", Delphine alikuwa ameshasimama.

"Maji, papa. Nakuletea."

Niliyaona hayo kwa macho yangu kila nilipokwenda kuwatembelea, nikasema moyoni kwamba haya ndiyo mapendo. Na kweli yalikuwa mapendo.

Tulipoanza kuzunguka nyumba za Annexe kuzungumza na wagonjwa na jamaa zao, Delphine alitaka baba yake awe mmoja wao. Alikaa mbele yake na maswali yake. Mzee akafunga mdomo. Akamtazama, akatikisa kichwa, akageuka upande wa dirisha. Delphine alijaribu siku nyingine, ikawa vile vile. Siku ya tatu Papa Pierre alinyoosha mkono wa kushoto, akamwonyesha Stanislas aliyekuwa amesimama mlangoni. Huyu, ndiyo. Delphine aliudhika kidogo, lakini aliwaachia nafasi. Stanislas alikaa naye kibarazani alasiri nzima, akarudi tena alasiri nyingine, na hakumwambia mtu walichozungumza.

Kila Alhamisi huwa tunakutana ofisini kujadili kazi. Tunafunga mlango, mtu analeta maandazi, na tunasoma kwa sauti maneno ya watu tuliozungumza nao, majina yakiwa yametolewa. Halafu tunabishana. Stanislas atasema tatizo liko kwenye misuli, mimi nitasema liko kwenye aibu, na Delphine atakuwa ameshatujibu sote wawili kabla hatujamaliza.

Alhamisi moja Stanislas alinipa karatasi nisome. Hakusema ni za nani. Nilianza kusoma bila kufikiri sana, kwa sababu zilifanana na nyingine tulizokwisha kusoma: mtu anaeleza mguu wake, usingizi wake, kanisa analokosa. Kisha nikafika mahali ambapo mzungumzaji aliulizwa kuhusu watu wa nyumbani. Nilisoma kama Stanislas alivyoandika, kwa Kiswahili chetu cha mjini, na mapumziko yote:

"Mutoto wangu ananipenda. Sana. Lakini... anakulaka maneno yangu. Naanza, yeye anamaliza. Ananipa kintu sikuomba, kisha ananiuliza kama niko na furaha. Nasema ndiyo. 'Ndiyo' njo neno ya mwepesi."

Niliweka karatasi chini, nikasema hili ni jambo kubwa, tumelisikia nyumba nyingi bila kuligusa. Nikaendelea. Nikasema jamaa wa namna hii wanafaa kufundishwa, maana wanamfunga mgonjwa mdomo huku wakidhani wanamsaidia. Nilizungumza kwa muda mrefu, na hakuna aliyenikatiza. Hapo ningepaswa kushtuka. Badala yake niliokota karatasi nikasoma mistari iliyobaki:

"Neno iko sawa treni. Itakuya. Inachelewa tu. Lakini bantu banatoka ku gare mbele ifike."

Nilipoinua macho, Delphine alikuwa ameshika andazi ambalo hakuliuma. Stanislas alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ule mutoto ni miye," Delphine akasema.

Kwanza alimgeukia Stanislas kwa hasira. Alimwuliza kwa nini hakumwambia pembeni, kama rafiki, badala ya kumwacha asikie hapa, mbele ya mtu, kama mgeni. Stanislas alimjibu polepole kwamba alikuwa amemwahidi mzee siri, na ahadi ile hakuweza kuivunja hata kwa ajili ya rafiki. Kwa hiyo alirudi kwa mzee akamwuliza kama maneno yake yanaweza kusomwa siku ambayo Delphine yupo.

"Alisema nini?" Delphine akauliza.

"Alikawia sana kujibu. Kisha akasema: 'Njo maana nilikubali kusema.'"

Delphine akachukua mkoba wake, akatoka. Hakutuaga.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Papa Pierre alikuwa amekaa kibarazani. Alipomwona binti yake anakuja saa isiyo yake, tena anatembea polepole, alijua kwamba maneno yake yamesomwa. Delphine akaweka sufuria ya maji ya bukari, ugali wetu, kwenye mbabula ya makaa, akavuta kiti, akaketi mbele yake. Akaanza, "Papa, nimesikia..." Mzee akainua mkono wa kushoto kumzuia. Ilikuwa zamu yake.

"Ile..." akasema. "Ile..."

Alikuwa ananyoosha kidole ndani ya nyumba, kwenye redio iliyokuwa inaimba kando ya kitanda. Kidole hicho Delphine alikijua. Kila mara kiliponyooshwa, yeye alikwenda akaongeza sauti. Safari hii akajizuia. Aliniambia ilimbidi ajizibe mdomo kwa kiganja kama mtoto kanisani. Maji yakachemka, yakaanza kumwagika juu ya makaa, naye hakuinuka. Papa Pierre akafumba macho, akalitafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena.

"Ile radio," akasema hatimaye, "inanichokesha. Uizime."

Delphine akaingia ndani akaizima. Aliporudi hakufika kwenye kiti. Alikaa sakafuni akacheka mpaka akashika tumbo, akifikiria asubuhi zote zile alizoiwasha na kwenda kazini akiwa na moyo mweupe. Papa Pierre naye akacheka, kwa ule upande wa uso unaocheka. Kisha kicheko cha Delphine kikageuka kilio, na baba yake akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Nisiseme kwamba tangu siku ile mambo yalinyooka. Kunyamaza kulimshinda Delphine kuliko masomo yote aliyosoma. Kuna siku alisahau, akamaliza sentensi ya mzee kabla hata haijapata mtendaji. Kuna siku alikumbuka kupita kiasi, akamkodolea macho mdomoni huku amejikunja mbele, mpaka mzee akatupa mkono kwa kuchoka na neno likapotea. Ni Stanislas aliyemshauri awe na kazi mikononi baba yake anapozungumza. Basi akawa anachambua mboga ya lengalenga. Majani yalichambuliwa katika nyumba ile kuliko walivyoweza kula, mengine akatuletea sisi ofisini. Na kwa kuwa kuna siku mzee mwenyewe alichoka na kutaka asaidiwe, walipatana alama: akigonga meza kwa kidole, Delphine anaruhusiwa kumalizia. Asipogonga, angoje.

Ndipo mambo yakaanza kutoka. Ikajulikana kwamba Papa Pierre hapendi sukari nyingi kwenye chai. Ikajulikana pia kwamba aliacha kwenda misa si kwa ajili ya mguu. Ni kwa sababu binti yake alimkalisha benchi la mbele, ambako kila mtu aliyetoka kukomunika alimpa uso wa huruma. Alitaka nyuma, karibu na nguzo, mahali wanaume wanapokaa. Na jioni moja alianza kuzungumza habari za marehemu mke wake. Delphine hakuwahi kumtaja mbele yake, akiogopa kumwumiza.

"Mama yako," mzee alisema, "alinichekaka. Kofia. Kofia yangu ya kazi." Habari yenyewe ilikuwa ndefu. Mama alikuwa msichana anayengoja treni na mizigo yake, na chef de gare kijana alikuwa na kofia iliyomzidi kichwa, ikamfunika macho katikati ya tangazo. Habari hiyo ilichukua jioni nzima na sehemu ya kesho yake. Delphine aliishi miaka yake yote bila kujua wazazi wake walivyokutana.

Kazi yetu nayo ikabadilika. Paroko mmoja kule Annexe alitupa ukumbi wa parokia kila Jumamosi mchana, na tukaanza kuwakaribisha waliopatwa na kiharusi pamoja na jamaa zao. Wagonjwa wanafanya mazoezi ya viungo na Stanislas, na jamaa wanajifunza kungoja. Wengine walikuja mara moja wakaona ni mchezo, hawakurudi. Mama mmoja alituambia wazi kwamba ana watoto wa kulisha, hana nafasi ya kungojea maneno. Stanislas hukataa tuandike kwamba maneno yanarudi upesi zaidi kwa njia hii, kwa sababu hatujui. Tunachojua ni kwamba watu waliokuwa wamefungiwa vyumbani sasa wanavaa mashati yao ya Jumapili siku ya Jumamosi, na wanauliza kama ukumbi utafunguliwa wiki ijayo.

Juzi Delphine alinipitia tukaenda pamoja. Papa Pierre alikuwa amekwishafika, na alikuwa anacheza dama kwa vifuniko vya chupa na Papa Dédé, fundi cherehani wa zamani wa upande wa Karavia, ambaye kiharusi kilimpiga upande wa pili. Mmoja anacheza kwa kushoto, mwingine kwa kulia, na ubao wao uko katikati. Delphine alikuwa anapita na sinia ya chai niliposikia kiti kinasogezwa kwa nguvu. Papa Pierre alikuwa amesimama, ameegemea meza, anamwonyesha Papa Dédé kidole.

"Ume..." akasema. "Wewe ume..."

Ukumbi ukanyamaza. Watu wote wa pale wameshajifunza adabu hiyo. Stanislas aliacha mguu wa mama mmoja hewani. Nilimtazama Delphine: amesimama na sinia yake, midomo inacheza bila sauti, neno liko pale pale kwenye meno. Papa Pierre hakugonga meza. Akashika pumzi, akaikusanya.

"Umeiba!"

Ilitoka kwa sauti kubwa iliyotikisa vioo, na nadhani ilisikika barabarani. Papa Dédé akaweka mkono kifuani kama mtu aliyesingiziwa jambo baya sana. Akafungua mdomo kujitetea. Neno lake nalo likakwama, na sote tukageuza nyuso kwake, tukangoja, na Papa Pierre akangoja kuliko sisi sote, maana haki ni haki.

"Mara..." akasema Papa Dédé, na jasho likamtoka. "Mara... moja tu."

Papa Pierre akavuta kiti, akaketi, akavipanga vifuniko upya. Chai ilikuwa imepoa. Delphine akairudisha jikoni kuipasha moto.